Kamera Moja, Darasa Zima: Majibu kwa Barua Zenu

Toleo lililopita niliandika juu ya filamu fupi ninazotengeneza na wanafunzi wenzangu shuleni, na barua zikamiminika. Nimechagua zile zinazouliza mambo ninayoyajua kwa kuyafanya. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Kwenye kikundi chetu mara nyingi naongoza, na filamu nyingine nashika sauti.

Dada, darasani kwetu tupo wengi tunaopenda filamu, lakini kila tukianza wote wanataka kuigiza. Hakuna anayetaka kuandika wala kushika kamera. Tumeanzisha filamu kadhaa na hakuna iliyofika mwisho. Hadithi ya sasa ni nzuri sana, inahusu ugomvi wa familia mbili uliodumu vizazi vitatu. Tufanyeje?
*Mwanafunzi wa sekondari*

Mdogo wangu, tuanze na hiyo hadithi. Vizazi vitatu maana yake mnahitaji wazee, mnahitaji watoto, mavazi ya nyakati mbalimbali, na nyumba mbili za kurekodia. Ninyi mna nini? Mna darasa tupu baada ya vipindi, mna sare, mna madawati, na mna sura za rika moja. Andikeni hadithi inayoweza kuishi humo.

Filamu yetu ya kwanza kukamilika ilikuwa ya msichana anayekuta karatasi iliyokunjwa ndani ya dawati lake, siku moja kabla ya mtihani. Mtazamaji haoni kilichoandikwa. Msichana anaifungua, anasoma, anageuka kutazama nyuma, na kule nyuma kuna mvulana aliyeinamisha kichwa. Chumba kimoja, waigizaji wawili, karatasi moja. Hatukuazima kitu kwa mtu.

Kuhusu urefu, waandishi wa skripti wana kipimo chao: ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mpangilio wa kawaida wa filamu hukaribia dakika moja kwenye skrini. Si sheria, lakini husaidia kujua mmejitwisha mzigo gani. Kurasa 40 ni filamu ya dakika 40 hivi, na kwa watu wenye vipindi, mitihani na kazi za nyumbani, huo ni mzigo wa kukatisha tamaa. Andikeni kurasa 3. Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walipoonyesha filamu zao mjini Paris mbele ya watu waliolipa kiingilio, tarehe 28 Desemba 1895, zilikuwa filamu 10, na hakuna iliyozidi dakika moja. Wafanyakazi wanatoka kiwandani, mtoto mchanga analishwa. Sinema kama biashara ilianza na vitu vifupi namna hiyo, kwa hiyo msione aibu kuanza hapo.

Sasa hilo la wote kutaka kuigiza. Kwetu lilikuwapo, na kugombezana hakukusaidia. Kilichosaidia ni kugawana kazi upya kila filamu: uliyeigiza safari hii, ijayo unaandika, au unashika sauti, au unashika daftari. Hilo la daftari nitalieleza kidogo, kwa kuwa watu hulidharau kuliko kazi nyingine zote. Kwetu lilishikwa na msichana mkimya kuliko wote darasani. Kila shoti, yaani kipande kimoja tangu kamera iwashwe hadi izimwe, aliandika namba yake, imerudiwa mara ya ngapi, na neno moja: nzuri, mbovu, au labda. Pembeni akaandika mambo ambayo sisi wengine tuliyapita tu: kifungo cha juu cha shati kimefungwa, kalamu iko mkono wa kushoto, dirisha la pili liko wazi nusu. Tulirudi siku nyingine kumalizia sehemu ileile. Mwigizaji akaketi, akashika kalamu kwa mkono wa kulia, na kabla kamera haijawashwa yule msichana akanyanyua mkono wake. Mimi mwongozaji sikuwa nimeona. Mpiga picha hakuwa ameona. Tangu siku ile watu wakaanza kuliomba daftari.

Mtu hakimbii kazi akishaona kwamba filamu inamtegemea. Kinachomkimbiza ni kusimamishwa pembeni kusubiri wengine wang'ae. Kwa hiyo kabla hamjarekodi chochote, kila mmoja awe na kazi yenye jina, na jina lake liandikwe mwishoni mwa filamu kwa herufi za ukubwa uleule. Pia pangeni siku ya kuonyesha, na mualike darasa jingine mapema. Mkishaalika watu, mtamaliza.

Tunarekodi kwa simu. Picha zetu ni safi kabisa lakini maneno hayasikiki, ni mwangwi na kelele za nje tu. Tununue kipaza sauti?
*Kikundi cha filamu cha shule*

Kabla ya kununua, sogeeni karibu. Kipaza sauti mnachotumia sasa kiko ndani ya simu, na simu mmeiweka mbali kwa sababu mpiga picha anataka darasa zima lionekane. Umbali kutoka mdomoni ukizidi mara mbili, sauti inayofika moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), lakini kelele za chumba zinabaki palepale. Ndiyo maana mtu aliye mita chache tu kutoka kwenye kamera anasikika kama yuko bafuni.

Tafuteni simu ya pili. Moja irekodi picha, nyingine irekodi sauti tu, na hii ya sauti ifichwe karibu na anayesema: kwenye mfuko wa shati, nyuma ya rundo la vitabu, ndani ya begi lililofunguliwa mezani. Katika ile filamu ya karatasi, mshika sauti wetu alilala sakafuni chini ya dawati, mkono ameunyoosha juu hadi simu ikawa chini kidogo ya kidevu cha mwigizaji, nje ya picha. Shoti ilikuwa ndefu. Mkono ulianza kumtetemeka, akaushikilia kwa mkono wa pili, na alihema kwa mdomo wazi ili pumzi zake zisiingie. Mwigizaji alimeza mate kabla ya kujibu, na simu ikanasa. Siku ya kuonyesha, mmezo ule mdogo ulisikika darasa zima, na watu waliacha kunong'ona. Hakuna pembe ya kamera ambayo ingetupa kitu kile.

Namna ya kulinganisha picha na sauti ni hii. Simu zote mbili zikishaanza kurekodi, mtu mmoja asimame mbele ya kamera, ataje namba ya shoti, kisha apige kofi moja kali. Wakati wa kuhariri, kwenye picha mtaona viganja vikikutana, na kwenye mchoro wa sauti mtaona mstari mmoja umechomoza kama mwiba. Sogezeni mpaka viangukie mahali pamoja. Kile kibao cha milia myeupe na myeusi mnachokiona watengeneza filamu wakikigonga kinafanya kazi hiyohiyo. Pigeni kofi kwa kila shoti, msitegemee kofi moja la asubuhi: saa za ndani za simu mbili hazilingani kabisa, na rekodi ikiwa ndefu, midomo na maneno huanza kupishana.

Zimeni feni. Fungeni madirisha. Simu zote chumbani ziwekwe hali ya ndege, hasa hizo mbili zinazorekodi, maana simu moja ikipigwa tu inaweza kukata rekodi katikati. Mwangwi unatokana na kuta na sakafu ngumu, kwa hiyo leteni makoti, mashuka, mablanketi, chochote kizito na chenye manyoyamanyoya, mvitundike nyuma ya kamera na kuvitandaza sakafuni mahali pasipoonekana. Chumba kitatulia mara moja, mtashangaa.

Na msiondoke kabla ya kurekodi ukimya. Kila mtu asimame alipo, asitikisike, mrekodi nusu dakika ya chumba kikiwa hakina anayesema. Kila chumba kina mvumo wake. Mhariri akikata neno na kuacha pengo tupu, sikio linashtuka. Akiziba pengo kwa ule mvumo wa chumba, hakuna anayejua kwamba palikatwa. Mara ya kwanza mtu atacheka katikati ya ukimya. Rudieni.

Mkishafanya yote hayo na bado mnataka kununua, kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo ndicho kitawafaa zaidi kuliko kamera mpya.

Waigizaji wetu wawili wanazungumza wameketi wakitazamana, lakini kwenye filamu inaonekana wote wanatazama upande mmoja. Tumekosea wapi?
*Mpiga picha*

Chukua chaki. Chora mstari sakafuni kutoka kwa mwigizaji mmoja hadi kwa mwenzake. Kamera ichague upande mmoja wa mstari huo na ikae upande huo mazungumzo yote. Ukikaa upande mmoja, mmoja wao atakuwa anatazama kulia mwa picha na mwingine kushoto, na jicho la mtazamaji litawaunganisha lenyewe. Ninyi bila shaka mlirekodi wa kwanza, mkahamisha kamera kuvuka mstari kumrekodi wa pili, labda kwa sababu mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri upande ule. Hii ndiyo inaitwa kanuni ya nyuzi 180, kwa sababu eneo mnaloruhusiwa kuzungukia ni nusu ya duara.

Kama mwanga ndio tatizo, wahamisheni waigizaji na madawati yao, msihamishe kamera. Na kama hadithi inawataka mvuke, vukeni kamera ikiwa inarekodi, mtazamaji aone mnavyopita. Msisahau kufuta chaki kabla ya shoti pana.

Rafiki yangu akiigiza anakuwa kama anasoma taarifa ya habari. Nimwambieje bila kumuumiza?
*Mwongozaji mchanga*

Usimwambie lolote kuhusu sauti yake, atazidi kuisikiliza na kukakamaa. Mpe mikono yake kazi: achonge penseli, afunge kamba za viatu, apange madaftari, na maneno ayaseme huku anafanya. Halafu punguza maneno yenyewe. Sentensi ambayo mwanafunzi hawezi kuitamka bila kujikwaa, mara nyingi haikuwa sentensi ya mwanafunzi tangu ilipoandikwa.

Na mrekodi akiwa anasikiliza tu. Mwongozaji wa filamu Mrusi, Lev Kuleshov, anakumbukwa kwa jaribio lake la karne iliyopita: aliunganisha uso uleule wa mwigizaji, usiobadilika, na picha ya bakuli la supu, kisha na picha ya maiti ndani ya jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, kisha huzuni, na wakamsifu mwigizaji. Uso uliotulia wa rafiki yako unaweza kubeba mengi kama mtachagua vizuri shoti ya kuuweka jirani nayo.

Mimi ndiye mhariri. Rafiki yangu wa karibu aliigiza sehemu moja kwa moyo wote, analia machozi ya kweli. Lakini filamu ikiwa na sehemu hiyo inachosha, bila hiyo inakwenda. Nikiitoa atanichukia, na tunakaa dawati moja.
*Msichana, mwaka wa tatu*

Mdogo wangu, barua yako nimeirudia kuliko zote.

Kwanza jiridhishe kwamba ni kweli. Wewe umeitazama filamu hiyo mpaka umeichoka, huwezi tena kuamua peke yako kama inachosha. Tafuta mtu asiyejua hadithi, mwekee filamu nzima, na usimtazame machoni wala usimweleze kitu. Keti pembeni umwangalie yeye, si skrini. Mtu akichoka mwili wake unasema: anashika shingo, anageuza kalamu, anatazama mlangoni. Andika ni dakika ya ngapi. Fanya hivyo na mwingine. Kama wote wanachoka palepale, umepata jibu.

Halafu jaribu kuifupisha kabla ya kuitoa. Mara nyingi kilio chote hakihitajiki. Ile sekunde anapojizuia, midomo inabanwa, macho yanajaa lakini hayajamwagika, hiyo ndiyo inayomshika mtazamaji. Machozi yakishaanza kutiririka mtazamaji anajua tayari. Acha sekunde chache za kujizuia, kata hapo, uone.

Kama hata hivyo haikubali, basi mwambie, tena mapema. Kwetu ilikuwa sehemu ya ngazi. Mwenzetu alikimbia kushuka ghorofa zote kuwahi lango kabla halijafungwa, akarudia, akarudia tena, mpaka sare ikamgandia mgongoni. Shoti zilikuwa nzuri, mpiga picha alishuka naye kinyumenyume huku mwingine amemshika mkanda asianguke. Mhariri alipoiondoa sehemu ile yote, filamu ikatoka kwenye uso wake ghorofani moja kwa moja hadi kwenye lango lililofungwa, na hapo ndipo roho ya mtazamaji iliporuka. Sote tulijua. Kazi ya kumwambia ikawa yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia akimbie.

Sikumtumia ujumbe. Nilimwita tukaketi naye, tukamwekea filamu mbili mfululizo, moja yenye ngazi na moja isiyo nazo, na hatukumwambia sisi tunapenda ipi. Alitazama zote kimya. Akaomba kurudia ya pili. Kisha akasema, "Hii ni kali zaidi," na sauti yake ikawa ndogo. Akatoka nje. Hakuna aliyemfuata haraka haraka na maneno ya kumbembeleza, tulimwachia nafasi yake. Aliporudi alitaka shoti zake za ngazi, tukampa zote, ambazo hazijakatwa. Bado anazo.

Kwa hiyo usimwache rafiki yako agundue siku ya kuonyesha, ameketi katikati ya watu, anasubiri sehemu yake ifike. Hilo ndilo lisilosameheka kirahisi. Mwoneshe kabla, zote mbili, mkiwa wawili. Akikasirika, muache akasirike. Amekupa machozi yake, ana haki ya kuumia. Na usijitetee kwa maneno ya kitaalamu ya uhariri, hayatamsaidia yeye wala wewe. Mwambie ulichokiona ulipomtazama akilia.

Tumeweka wimbo wa msanii maarufu kwenye filamu yetu. Mwalimu anasema hairuhusiwi. Tumeandika jina la msanii mwishoni, haitoshi?
*Wanafunzi wawili*

Haitoshi. Kumtaja ni heshima, ruhusa ni kitu kingine. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao nchi nyingi duniani zimeukubali, kazi ya mtunzi kwa kawaida hulindwa maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Tena rekodi yenyewe ina ulinzi wake mbali na utunzi, kwa hiyo hata wimbo wa zamani sana unaweza kuwa umerekodiwa upya na mtu mwenye haki zake. Matumizi ya ndani ya somo huwa na nafuu katika sheria za baadhi ya nchi, ila mkitaka kuipeleka filamu mashindanoni au mtandaoni mtakwama.

Darasani kwenu yupo anayeimba au anayepiga ala. Filamu yetu moja haina muziki wowote isipokuwa mluzi wa mwenzetu, tuliourekodi kwenye korido tupu saa za jioni. Mwangwi ambao kwenye mazungumzo tunaukimbia, pale tuliutaka. Na yeye pia tulimwomba ruhusa.

Binti yangu yumo kwenye filamu ya wanafunzi wenzake na sasa wanataka kuiweka mtandaoni. Sipendi kuwavunja moyo, ila nina wasiwasi.
*Mzazi*

Shikamoo, mzazi wangu. Wasiwasi wako una msingi, na kikundi kizuri hakitachukizwa nao.

Sisi huomba ruhusa mbili tofauti kabla ya kurekodi: ya kuonyesha shuleni, na ya kuweka mtandaoni. Si kitu kimoja. Onyesho la shuleni likiisha limeisha. Kilichopanda mtandaoni mtu yeyote anaweza kukinakili, hata kikiondolewa kesho yake. Aliyekubali la kwanza hajakubali la pili, na wazazi wa wote wanaoonekana wanapaswa kuulizwa.

Omba uitazame nzima kwanza, na ukiitazama usiangalie waigizaji tu. Angalia nyuma yao. Jina kamili juu ya daftari, namba ya simu iliyoachwa ubaoni, nembo ya shule kwenye shati, wanafunzi wanaopita dirishani ambao hawakujua kama kamera inarekodi. Katika filamu yetu ya mwisho tuliwaona wapitaji wa namna hiyo siku ya kuhariri, tukaikuza picha kidogo mpaka dirisha likatoka nje ya fremu. Palipokuwa hapawezekani tulirekodi upya. Waulize pia kama sehemu ya maoni itafungwa, na ni nani atakayeshika nywila ya akaunti hiyo wakishamaliza shule.

Kisha muulize binti yako anataka nini, akiwa na wewe tu, mbali na wenzake. Mbele ya kundi lililofanya kazi kwa bidii pamoja, kusema hapana ni kugumu sana, hata kwa mtu jasiri. Akikwambia hataki, nenda wewe ukawaambie, ili yeye asiwe ndiye aliyekataa.